Mtaro kwanza: mwongozo kamili wa kuufufua mtaa Unguja mjini

Mji wa Zanzibar umeshapangiwa mipango mikubwa mara nyingi. Lanchester alichora wake mwaka 1923, Kendall akafuata 1958, Wajerumani wa Mashariki wakaja na wao 1968, na Wachina 1982. Kalamu hizo hazikuishia kwenye karatasi tu. Magorofa ya Michenzani yamesimama pahala palipokuwa na nyumba za watu wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na wako wazee ambao hadi leo watakuonesha kwa kidole ilipokuwa nyumba ya bibi yao. Kwahani nako nyumba zimeshushwa karibuni tu kupisha magorofa mapya. Kwa hiyo jumuiya yoyote ikiitisha mkutano Ng'ambo na kutamka "kuendeleza mtaa", swali la mwanzo litakuwa: mnabomoa?

Mwongozo huu ni kwa jumuiya zinazotaka kulijibu swali hilo kwa kazi: jumuiya za mkoa, za wilaya, hata kikundi cha vijana kilichosajiliwa mwaka jana. Nimeuandika nikiufikiria Mkoa wa Mjini Magharibi, uliohesabiwa watu 893,169 katika sensa ya 2022, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Wa Chake, Wete na Mkoani watapata yao pia, kwani maji ya mvua hayajui kisiwa. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinaufuata: kazi ya mtaa ianzie kwenye kero ambayo mtu anaipita kila siku, na mwenye kuitunza ajulikane kwa jina kabla jiwe la mwanzo halijawekwa.

Tembeeni kabla ya kuandika

Andiko la mradi lisianze ofisini. Utembeeni mtaa asubuhi ya siku ya kazi, muutembee tena baada ya Isha, kisha mrudi siku ya mvua kubwa. Matembezi ya mvua ndiyo yenye faida kuliko yote, na ndiyo wengi huyakwepa. Mtaona maji yanakotoka, mlango gani yanapiga hodi, karo (shimo la maji machafu) la nani linafurika, na kizingiti gani kimeinuliwa kwa matofali kwa sababu mwenyewe ameshachoka kukinga maji kwa ndoo. Mvua ikiwa imekwisha, tazameni kuta: mstari wa tope hubakia, na urefu wake utawaambia mengi kuliko dodoso.

Matembezi ya usiku yana macho yake. Andikeni taa zilizozimika, vichochoro ambavyo wanawake wanavizunguka, mabaraza yanayokaliwa na yaliyohamwa. Baraza lililohamwa lina sababu. Mara nyingi ni harufu ya jaa la taka lililosogea karibu, au giza.

Chukueni ramani. Tangu 2016 visiwa vyetu vimepigwa picha kwa droni katika mradi ulioihusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA), na picha hizo zinaonesha mpaka paa moja moja. Ichapisheni sehemu ya mtaa wenu kwenye karatasi kubwa, muende nayo mkutanoni. Mtu akiliona paa la kwao anaanza kuzungumza bila kuombwa.

Sheha, diwani na maskani

Mlango wa mtaa ni sheha, kiongozi wa serikali katika shehia. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi kwa kura, na ofisi yake ndiyo yenye rejista ya wakaazi na ndiyo itakayotia muhuri barua zenu. Nendeni kwake mkono mtupu, yaani bila mpango uliokamilika. Mkimpelekea mradi uliokwisha kuchorwa atausaini, lakini utakuwa mradi wenu peke yenu. Mwambieni mmekuja kuuliza, na mmoja wenu tu awe msemaji, si ujumbe wa watu kumi. Ana kamati ya kumshauri. Ombeni kukaa nayo.

Diwani ni mlango mwengine, kwa sababu yeye ndiye wa kupigwa kura na ndiye anayekaa kwenye baraza la manispaa linaposomwa bajeti. Msimfanye sheha ajisikie mmemruka kwa diwani, wala kinyume chake. Barua moja, nakala mbili, siku moja.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo ya wafadhili hailiandiki. Kila mtaa una maskani yake, yaani kijiwe cha kukaa na kuzungumza, na maskani nyingi zina chama cha siasa. Mkifanya mkutano wenu kwenye baraza la maskani moja, nusu ya mtaa haitakuja na haitawaambia kwa nini. Kaeni skuli, chuoni (madrasa), au uwanjani. Fulana za mradi zisiwe za kijani, manjano wala zambarau. Na mwaka wa uchaguzi, kazi iwe imekwisha kabla kampeni hazijaanza, ama isubiri zipite. Mtaro uliochimbwa wiki ya kampeni utabakia mtaro wa mgombea hata kama saruji ni yenu.

Namna ya kusikiliza

Mkutano mmoja wa hadhara hautoshi. Huko watasema wazee na wenye nyumba, na wengine wataitikia "ndiyo" kwa adabu. Gawanyeni: kinamama peke yao, na anayeendesha awe mwanamke, vijana peke yao, wapangaji peke yao, bila mwenye nyumba hata mmoja. Kwa kinamama muda mzuri ni baina ya Alasiri na Magharibi. Ijumaa mchana iacheni.

Msiulize "mnahitaji nini". Mtapata orodha ya hospitali, barabara ya lami na ajira, na mtatoka na ahadi msizoweza kuzitimiza. Ulizeni: jana ulikwama wapi? Mwaka jana mvua ilikugharimu nini? Mtoto wako anapita njia gani kwenda skuli, na kwa nini si ile fupi? Majibu ya maswali hayo yana anwani. Unaweza kuyatia alama kwenye ramani.

Wenye ulemavu na wagonjwa wa muda mrefu hawaji mikutanoni. Wafuateni majumbani, na muulize pia choo kiko wapi.

Kuchagua kazi moja

Kazi ya mwanzo iwe na sifa tatu: imalizike ndani ya msimu mmoja, ionekane na anayepita tu njia, na isihitaji kumhamisha mtu. Kwa mitaa mingi ya Ng'ambo jibu huwa mtaro wa maji ya mvua. Kwengine ni taa za vichochoro au uwanja wa watoto. Mipango mikubwa msiipuuze: ulizeni ofisi ya serikali ya mipango miji ili mjue kama mtaa wenu umo ndani ya mpango wa eneo, maana hakuna hasara kama kujenga kwa fedha za watu kitu ambacho barabara mpya itakipitia. Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar (ZUSP), uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia 2011, umejenga mitaro mikubwa ya kupokea maji ya mji. Kazi ya jumuiya ni kuufikisha mtaro mdogo wa kichochoroni kwenye ule mkubwa. Hiyo ni kazi ambayo serikali haina muda nayo, na nyinyi mnaiweza.

Nani mwenye pahala hapa

Zanzibar ardhi yote ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia chini ya Sheria ya Ardhi ya 1992. Nyumba ni hadithi nyengine. Ya mwanzo inaweza kuwa ya mtu, inayofuata ya Shirika la Nyumba, ya tatu ya wakfu, ya nne ya warithi kumi na wanne ambao watatu wako Maskati na hawasemezani. Kabla ya kugusa ukuta au kupitisha mtaro mbele ya mlango, jazeni jedwali: nyumba, anayeishi, anayedai ni yake, anayepokea kodi. Palipo na wakfu, mwenye kauli ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ridhaa ziwe za maandishi, na sheha awe shahidi. Mtu akikataa, badilisheni njia ya mtaro kama inawezekana. Mkimlazimisha kwa nguvu ya ofisi mtamaliza mtaro na kuupoteza mtaa.

Karatasi na fedha

Usajili wa jumuiya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Mrajis wake, na cheti cha Bara hakikuruhusuni kufanya kazi huku. Kaulizeni masharti ya sasa ofisini kwake badala ya kunakili katiba ya jumuiya nyengine, maana sheria zimekuwa zikibadilika. Unguja jumuiya mwavuli ni ANGOZA, Pemba iko PACSO. Wote wameshaona makosa mengi ya wengine na hawachoki kuulizwa.

Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha, na angalau mmoja kati yao awe mwanamke anayeishi mtaani. Wanachama wengi hawataki riba, basi fungueni akaunti ya utaratibu wa Kiislamu; PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) ina tawi la huduma hizo, Ikhlas, na benki nyengine pia zinazo.

Sehemu ya fedha lazima itoke mtaani, hata ikiwa ndogo. Tuseme mtaa una nyumba 80 na kila moja ikatoa shilingi 1,000 kwa mwezi: ni shilingi 80,000, au 960,000 kwa mwaka. Haijengi mtaro, lakini inautunza, na hapo ndipo thamani yake. Asiye na fedha atoe mkono: siku moja ya kuchimba, chai ya wafanyakazi, pahala pa kuwekea zana. Andikeni mchango huo kwa thamani ya fedha, kwa sababu mfadhili yeyote atakuulizeni mtaa umechangia nini.

Fedha za kujengea zitafuteni manispaa, kwa mwakilishi na mbunge kupitia mfuko wa jimbo, kwa wafanyabiashara wa mtaa, na kwa watoto wa mtaa walioko ughaibuni. Hawa wa mwisho hutoa vizuri wakipelekewa picha na risiti, na hunyamaza milele wakipelekewa maneno. Ulizeni pia kama TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) ina kazi za jamii katika shehia hiyo, msije mkawalipa watu kwa kazi ambayo tayari wanalipwa.

Hesabu zibandikwe dukani kila mwisho wa mwezi, kwa kalamu nene: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Dukani, kwa sababu huko kila mtu hupita na muuza duka hujibu maswali kwa niaba yenu bure.

Mtaro wenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwani nimeona mitaro mingi mipya ikigeuka madimbwi marefu.

Msichimbe masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kipupwe, Juni mpaka Septemba, ndicho kipindi kizuri, na Januari na Februari pia panafaa. Ramadhani ikiingia humo, kazi nzito ipumzike au ifanywe usiku, na hilo liwe ndani ya ratiba tangu mwanzo.

Hatua ya mwanzo ni kujua maji yataishia wapi. Kama mwisho wake ni uwanja wa shehia ya jirani, mmewahamishia wenzenu mafuriko. Kaeni na sheha wa huko kabla ya kupima, na mkikosa njia ya kufika mtaro mkubwa, bahari au ardhi inayonywa maji, acheni mtaro na mchague kazi nyengine.

Hatua ya pili ni mteremko. Fundi achukue mpira mwembamba unaopitisha mwanga, aujaze maji, ahakikishe hauna mapovu, kisha aweke ncha moja juu na nyengine chini. Chombo hicho cha bei ndogo hakidanganyi. Sentimita moja kwa kila mita ni mteremko mzuri. Chini ya sentimita tano kwa mita kumi, taka na mchanga vitatua njiani. Pigeni alama ukutani kila mita tano na mziache zikae mpaka mwisho wa kazi.

Tatu, anzeni kujenga chini mkipanda juu. Mkianzia juu na mvua ya ghafla ikaja, maji yote mliyoyakusanya yataangukia nyumba zilizo katikati.

Nne, vifaa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi inakula nondo. Isitoshe mchanga Unguja unachimbwa kwa kibali, kwa hiyo ombeni risiti ya ulikotoka. Zege likishamwagwa lifunikwe magunia na liroweshwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mpangieni mtu kwa jina. Zege linaloachwa juani siku ya pili litapasuka mwaka wa pili.

Tano, mifuniko. Ifanyeni mifupi, nusu mita hivi, yenye vishikio vya nondo, ili watu wawili waweze kuinyanyua bila ya mtarimbo. Mfuniko mzito ni mtaro usiosafishwa. Pahala maji yanapoingia wekeni wavu wa chuma wa kuzuia chupa na majani.

Sita, na hili halina mjadala: karo na vyoo visiunganishwe na mtaro wa mvua. Kuna atakayejaribu usiku. Mji huu umeshapata kipindupindu mara nyingi, na watoto huchezea maji ya mtaro. Likubalini katika mkutano wa hadhara kabla ya kazi, pamoja na adhabu yake, na mwenye karo bovu asaidiwe kulitengeneza badala ya kutangazwa.

Taka zinakwenda pamoja na mtaro. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini chupa na vifungashio bado vipo, na mtaro ni jaa lenye mteremko ikiwa gari la manispaa halifiki. Kubaliana na manispaa siku na pahala pa kukusanyia, kisha tafuteni vijana wa gari la mkono watakaotoa taka vichochoroni kwa malipo madogo ya kila nyumba.

Kwa walio Mji Mkongwe

Huku kanuni ni nyengine. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na hakuna ukuta wa kuguswa bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata ikiwa ni kupaka rangi au kubadilisha dirisha. Omba kibali mapema, na uende na picha.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikandaa (miti ya mikoko). Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, ndiyo maana vingi ni virefu na vyembamba. Adui wake ni maji. Boriti haiozi katikati. Huoza kichwani, pale inapoingia ukutani, kwa sababu bomba la maji au mfereji wa paa umekuwa ukivuja hapo miaka. Kwa hiyo mpangilio wa ukarabati ni huu: paa, mifereji ya paa, mabomba, halafu boriti, na plasta mwisho kabisa. Jumuiya nyingi hufanya kinyume kwa kuwa plasta mpya inapendeza kwenye picha ya ripoti.

Saruji iwekeni mbali na kuta hizi. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuvika saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani na kuula moyo wake, na siku plasta itakapoanguka itaanguka na mawe. Tumieni chokaa iliyorowekwa vya kutosha, wiki kadhaa na zaidi, sehemu moja kwa tatu za mchanga, kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipewa muda wa kukauka kivulini. Inachelewa. Mafundi wa zamani wanaoijua wamebaki wachache, basi kila fundi mzee apewe vijana wawili wa mtaa wa kujifunza, na malipo ya vijana hao yawe ndani ya bajeti. Beit al Ajaib, jengo la 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati na watu wakapoteza maisha. Kwa hiyo palipo na ufa unaopanuka, watu watoke kwanza, mhandisi aje, na fundi asiguse kitu.

Kodi ikipanda

Mtaa ukishapendeza, mwenye nyumba naye huamka. Mpangaji aliyebeba mawe ya mtaro anaweza kuambiwa atoke ili chumba kikodishwe mgeni kwa dola. Shangani na Kiponda wanalijua hili vizuri. Kama fedha za jumuiya zinatengeneza paa la mtu binafsi, iandikwe mbele ya wakili au sheha kwamba kodi haitapanda na mpangaji hatatolewa kwa muda fulani, tuseme miaka mitatu, na akivunja atarejesha gharama kwenye mfuko wa mtaa. Asiyetaka kusaini, paa lake lisitengenezwe. Ni kali, najua. Bila hiyo mtakuwa mmewasafishia njia madalali.

Wauza vitu vya barazani nao waingizwe kwenye mchoro tangu mwanzo. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa 2009, na wauza vyakula vya jioni wamebaki kuwa sehemu yake. Bila wao ingekuwa bustani ya kupigia picha tu. Muuza urojo wa kona yenu apewe pahala, maji na pipa la taka.

Matunzo

Kabla ya kazi kuanza, sainini karatasi moja yenye mambo haya: nani anafungua mifuniko, lini, zana zinakaa kwa nani, nani analipa zikivunjika, na fedha ya matunzo iko akaunti gani. Gaweni mtaro kwa vipande, kila kipande na nyumba zake, na jina la msimamizi lipakwe rangi juu ya mfuniko wa mwanzo wa kipande hicho. Watu watacheka. Watasafisha vilevile.

Usafi mkubwa ufanyike mara mbili: mwisho wa Februari kabla ya masika, na mwisho wa Septemba kabla ya vuli. Mwenye kipande hayupo, kwa ugonjwa au safari, kazi yake ifanywe na mfuko na iandikwe kwenye karatasi ya dukani. Baada ya kila mvua kubwa apite mtu mmoja na simu, apige picha pahala palepale, kwenye zile alama za ukutani. Picha za misimu miwili zitaonesha kama maji yameshuka au hayakushuka, na hizo ndizo za kupeleka manispaa mnapoomba kazi ya pili. Msimu wa tatu jumuiya ijitoe: funguo za stoo, daftari na kitabu cha hundi viende kwa kamati ya mtaa mbele ya sheha, na nyinyi mbakie na nakala.